Unene wa mtoto si faida ya biashara

Mfanyabiashara anayevuka Kobero, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, kwenda Kabanga upande wa Tanzania hupima kila kitu: kilo za maharage, magunia ya mchele, hata uzito wa noti mfukoni. Asiyepimwa ni mtoto wake aliyebaki nyumbani. Akinenepa, majirani husema biashara inakwenda vizuri.

Usemi huo ulipaswa kukoma mwaka 2020. Korona ilipoenea, madaktari waliona kuwa mtoto mwenye unene uliopitiliza akiugua, hatari yake ya kulazwa ni kubwa kuliko ya wenzake. Mafuta ya tumboni na kifuani hubana pumzi, na mwili hupambana na maradhi kwa shida. Hata asiyeugua aliumia. Uingereza, shule zilipofungwa, watoto wa darasa la awali wenye unene huo walitoka asilimia 9.9 hadi 14.4 katika mwaka mmoja. Marekani, kasi ya watoto kunenepa ilikaribia kuongezeka maradufu.

Burundi haikufunga shule. Uganda ilizifunga kwa karibu miaka miwili, hadi Januari 2022, lakini mtoto wa Gitega aliendelea kupanda na kushuka vilima kwenda darasani. Uamuzi huo ulilaumiwa, na lawama zilikuwa na sababu zake. Ila miguu ya watoto haikusimama.

Iliyofungwa ni mipaka. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, watu wakazuiwa. Maana yake ni kwamba sukari na biskuti zilikuwa na njia, huku mama anayevuka kwa miguu na kikapu cha mboga au ndizi akirudishwa. Anayepanga sheria za mpaka hupanga pia sahani ya mtoto, ingawa hilo halimo katika fomu yoyote ya forodha.

Wapo watakaosema haya ni maradhi ya matajiri, katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni kweli njaa ndiyo kubwa. Lakini mtoto aliyekosa chakula utotoni, akija kushibishwa soda na mandazi, ni rahisi kunenepa vibaya, na wazazi walio safarini wiki nzima huacha pesa badala ya chakula. Kwenye kituo cha afya, utepe wa kupima mkono umetengenezwa kumtafuta aliyekonda; mnene hupita kwenye rangi ya kijani, na mama huondoka akiwa na furaha.

Vituo vya Gitega na Muyinga vinahitaji mizani na kipimo cha urefu kwa watoto wa shule, na muuguzi asiyemcheka mtoto mnene. Kumnyima chakula si dawa. Apewe maharage na lengalenga, anywe maji, aende shule kwa miguu badala ya pikipiki.

Mpox ilithibitishwa Burundi Julai 2024, na watoto wakawa wengi miongoni mwa wagonjwa. Vyama vya wafanyabiashara wadogo visingoje mlipuko mwingine ndipo vidai wabeba mboga wahesabiwe pamoja na malori.