Mchujo Unaoitwa Ubora

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, maneno ni yaleyale kwenye daladala, ofisini na vijiweni: watu binafsi wanajua kufundisha, serikali haijui. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kutaka shule za umma wakabidhiwe wawekezaji waziendeshe kwa fedha za kodi. Hoja hiyo imejengwa juu ya hesabu mbovu.

Tuanzie mlangoni mwa shule binafsi. Mtoto aliyemaliza darasa la saba anakalishwa kwenye usaili wa Hisabati na Kiingereza. Akifaulu anapewa fomu ya kujiunga, akishindwa anaambiwa ajaribu kwingine. Hata aliyeingia hajapona. Shule ina wastani wake, mkali kuliko ule wa taifa, na asiyeufikia kidato cha pili au cha tatu anakaririshwa, au mzazi anaitwa ofisini na kuambiwa kwa upole amtafutie mwanawe shule nyingine. Wizara imekwisha kukataza mchezo huu, lakini wazazi wanajua kwamba haujakoma. Januari, aliyeondolewa kidato cha tatu anapokelewa na shule ya kata, ambayo haichagui. Anafanyia mtihani hapo, na sifuri yake wanaandikiwa walimu waliokaa naye miezi kumi. Shule iliyomlea miaka mitatu, na kula ada yake, inatundika bango: divisheni wani watupu!

Serikali nayo ikichagua, inavuna vilevile. Kisimiri, shule ya serikali wilayani Arumeru, iliongoza nchi katika kidato cha sita mwaka 2016. Shule teule za serikali kama Ilboru na Mzumbe zina mwajiri yuleyule na mtaala uleule wa shule ya kata unayoidharau. Tofauti kubwa ni nani anaruhusiwa kukaa darasani.

Liberia walijaribu hilo la kukabidhi. Mwaka 2016 waliwapa waendeshaji binafsi wanane shule 93 za umma. Mmoja wao alikuwa Bridge, kampuni iliyofungua shule yake ya kwanza Mukuru, Nairobi, mwaka 2009. Alama zilipanda mwaka wa kwanza, sikatai. Ila watafiti waliofuatilia walikuta kwamba Bridge iliwatoa watoto kwenye madarasa yaliyojaa, ikawaondoa walimu wengi iliowakuta, na ikatumia kwa kila mtoto fedha nyingi kuliko serikali. Walimu hao wakahamishiwa shule nyingine za umma. Mzigo ulihamishwa, haukutuliwa.

Kuhusu fedha, hapa kwetu Tanzania, ukiacha mishahara ya walimu, ruzuku ya uendeshaji imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule binafsi zenye jina zinatoza mamilioni. Mwalimu wa msingi mwenye watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja hawezi hata kusahihisha madaftari yote kwa siku. Ukimpa mwekezaji chumba hicho, watoto hao na ruzuku hiyo, bila ruhusa ya kumfukuza hata mmoja, sioni atakachofanya ambacho mwalimu huyo hajakijaribu. Ukimwongezea fedha ili aweze, basi fedha hizo zilikuwepo, na walimu wetu walinyimwa.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora. Ni uamuzi mzuri, ila umeishia njiani. Baraza lina orodha ya waliofanya upimaji wa kidato cha pili katika kila shule, na miaka miwili baadaye linayo ya kidato cha nne. Liziweke pamoja, shule kwa shule, za serikali na za binafsi, lioneshe wangapi walikuwepo na wangapi wamebaki. Mzazi anayekwenda kulipa ada aione karatasi hiyo kwanza. Na anayetaka kukabidhiwa shule za umma atuoneshe ya kwake kabla hatujamsikiliza.