Uyoga wa porini



Jumamosi iliyopita kikundi chetu kilitoka Kambove kwa miguu kwenda porini, pamoja na watoto, nkambo mmoja akituongoza. Tulitaka binti zetu wajifunze uyoga kwake angali na nguvu za kutembea.

Njia inapita kwanza kwenye kilima cha shaba. Pale hapana miti, ni majani na maua tu, kwani shaba ikizidi udongoni miti mingi haiwezi kuota. Kwa alama hiyo wazee wa zamani walijua pa kuchimba, karne nyingi kabla ya Wabelgiji. Nkambo alikataza kuokota chochote hapo. Uyoga hunyonya madini, basi ule wa karibu na mgodi au wa juu ya vifusi vyake tuuache, hata ukiwa mzuri namna gani.

Mbele tukaingia kwenye misamba na mitondo, na uyoga wa manjano ukawa tele. Huu hauwezi kupandwa bustanini. Nyuzi zake hushikana na mizizi ya mti: mti huupa sukari, nao huuletea mti maji na chakula cha udongoni. Mti ukikatwa kwa makala, uyoga wake unakufa pia. (Na sisi sote tunapikia makala, tusijifiche.) Ule wa kichuguu ni mwingine, mchwa ndio wanaoulima.

Sasa sumu, maana kila mvua tunasikia habari za watoto. “Kama haujue jina yake, uache,” nkambo alisema, naye huung'oa mzima mpaka chini ili aone shina lote. Wengine husema kuchemsha sana huondoa sumu. Si kweli: ile inayoua haiogopi moto. Tumbo huanza kuuma baada ya saa sita, kumi na mbili, hata zaidi. Kisha mtoto huonekana amepona, kumbe ini linaharibika. Usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe mabaki ya uyoga.

Vikapu vilijaa, na bukari ya jioni ilikuwa tamu. Kurudi tulipishana na baiskeli nyingi za makala, na baadhi zilisukumwa na waume wa wenzetu. Tutalizungumza kwenye mkutano wa Alhamisi, waume nao waalikwe.

Safari ijayo ni ya finkubala. Leteni ndoo zenye vifuniko.