Mpenzi wa Kompyuta Asiishie Kutazama

Katika miji ya Afrika Mashariki limekua kundi la vijana, na la watu wazima pia, ambao jioni zao hupita mbele ya kompyuta wakitazama filamu na tamthilia, wakicheza michezo ya video, wakipeana mafaili kwa flashi na kubishana kuhusu kadi za michoro na ubora wa skrini kwa ari ileile ambayo wenzao hubishania mpira. Wazazi na walimu huwalaumu kwamba wanapoteza muda, na lawama hiyo imerudiwa mno hata imepoteza makali. Inafaa isemwe wazi kwamba imekosa shabaha, kwa sababu mapenzi ya skrini yana elimu kubwa ndani yake, na hasara humpata yule tu anayeridhika na kinachoonekana juu ya kioo bila kutaka kujua kimefikaje hapo.

Lichukuliwe faili moja la filamu, la aina inayopita mikononi mwa watu kila siku. Video ni mfululizo wa picha tuli ziitwazo fremu, ambazo katika filamu nyingi hupita 24 kila sekunde, na kila fremu imeundwa kwa pikseli, yaani nukta ndogo ambazo kila moja ina rangi yake. Fremu yenye upana wa pikseli 1920 na kimo cha pikseli 1080 ina jumla ya pikseli 2,073,600, na kwa kuwa rangi ya kila pikseli kwa kawaida huandikwa kwa baiti tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, fremu moja huhitaji zaidi ya megabaiti sita, na sekunde moja huhitaji takriban megabaiti 149. Filamu ya saa mbili ikihifadhiwa hivyo bila kupunguzwa ingezidi gigabaiti 1,000. Hata hivyo filamu hiyohiyo hukaa kwenye flashi kwa gigabaiti mbili, pengine pungufu, na mtazamaji haoni kilichokosekana. Anayejiita mpenzi wa kompyuta, akiwa hajawahi kujiuliza gigabaiti zile nyingine zimekwenda wapi, amepita kando ya mojawapo ya kazi za ajabu zilizofanywa na akili ya binadamu katika zama hizi.

Sehemu ya kwanza ya jibu imo katika jicho lenyewe. Jicho la binadamu hutambua tofauti za mwanga na kivuli kwa ukali kuliko linavyotambua tofauti za rangi, na kwa hiyo mwangaza wa kila pikseli huhifadhiwa kikamilifu, ilhali pikseli nne jirani huandikiwa rangi moja ya pamoja. Sehemu ya pili imo katika hisabati. Mwaka 1974 Nasir Ahmed, mhandisi aliyezaliwa Bangalore nchini India na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, alichapisha pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao mbinu ya kukichukua kipande kidogo cha picha, kwa mfano cha pikseli 8 kwa 8, na kukieleza kama mchanganyiko wa mawimbi, yale mapana yanayobeba umbo la jumla na yale membamba yanayobeba chembechembe za undani. Mawimbi membamba ambayo jicho halingetambua kukosekana kwake huweza kupunguzwa au kuachwa kabisa. Ahmed alikuwa ameomba fedha za utafiti huo mwaka 1972 akanyimwa, naye hakuuacha. Leo mbinu yake imo katika takriban kila picha ya JPEG inayopigwa kwa simu. Sehemu ya tatu ni kukisia: kwa kuwa fremu moja haitofautiani sana na iliyoitangulia, huhifadhiwa fremu chache kamili, na zinazofuata huandikwa kwa kutaja tu kilichosogea na kilichobadilika.

Mambo haya hayakufichwa kwa mtazamaji, ila hajafundishwa kuyaona. Mvua kubwa inapodhoofisha mawimbi yanayoingia kwenye dishi, picha ya runinga hukatika katika miraba, na miraba hiyo ni vile vipande ambamo picha iligawanywa ili ibanwe. Filamu inaporushwa mbele ghafla na nyuso zikavutika katika ukungu wa kijivu kwa sekunde kadhaa, sababu yake mara nyingi ni kwamba kompyuta imepokea maelezo ya mabadiliko bila kuwa na fremu kamili ya kuyabandikia. Hata ving'amuzi vilivyoingia nyumbani kwa manung'uniko mengi, baada ya mitambo ya analojia kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ni kazi ya hisabati hiyohiyo, kwani masafa yaliyokuwa yakibeba chaneli moja sasa hubeba nyingi zilizobanwa, na king'amuzi ndicho kinachozifumua.

Faida ya kujua haya haiishii katika fahari ya akili. Kanuni ya kubana na kufumua video, pamoja na programu au chipu inayoitekeleza, huitwa kodeki, na kodeki zimekuwa zikirithiana: H.264 ilitoka mwaka 2003, HEVC mwaka 2013, AV1 mwaka 2018, kila moja ikibana zaidi ya iliyoitangulia na kudai hesabu nyingi zaidi kutoka kwa kompyuta. Mwenye kompyuta ya mtumba ambaye filamu zake mpya zinakwama-kwama huambiwa na fundi kwamba mashine imechoka, akaanza kutafuta fedha za kununua nyingine, ilhali mara nyingi mashine ni nzima na kinachokosekana ni chipu ya kufumua HEVC. Filamu ileile katika H.264 ingetiririka bila taabu. Kinyume chake, mwenye simu mpya anayelalamikia bando kuisha angeweza kupata ubora uleule kwa data pungufu kama angechagua kodeki mpya. Fedha zinazopotea kwa kutojua mambo haya ni za watu wasio nazo za kupoteza.

Wako watakaosema kwamba elimu ya namna hii ni ya maabara za nchi tajiri, na kwamba kijana wa Mwanza au Mombasa atosheke kutumia kilichotengenezwa na wengine. Historia ya VLC, programu ya kuchezea video ambayo karibu kila fundi wa kompyuta huiweka kwanza kwenye mashine, inawajibu kwa sehemu. Ilianza mwaka 1996 katika chuo cha École Centrale Paris, ambako wanafunzi waliochoshwa na mtandao wa polepole wa mabweni yao walitamani mtandao wa kasi, na michezo ya video ilikuwa miongoni mwa sababu zao. Njia ya kupata fedha za mtandao huo ikawa ni kuonyesha kwamba matangazo ya runinga ya setilaiti yangeweza kusambazwa kupitia humo, nao wakalazimika kuandika programu ya kuyarusha na kuyapokea. Mwaka 2001 kazi hiyo ikatolewa kama programu huria, yaani programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuusoma msimbo wake, kuirekebisha na kuisambaza. Ni kweli kwamba vijana wale walikuwa na chuo cha kifahari nyuma yao, na haifai kujidanganya kwamba hali ni moja. Lakini msimbo walioutoa unasomeka Mwanza sawasawa na Paris, na kiu iliyouzaa, ya kucheza na kutazama, haikutofautiana na kiu ya vijana wanaolaumiwa hapa.

Mfano wa Blender una uzito zaidi. Blender ni programu ya kutengeneza michoro na katuni za vipimo vitatu. Kampuni iliyokuwa nayo ilipofungwa, Ton Roosendaal wa Uholanzi aliomba mchango wa umma, na mwaka 2002 zilikusanywa euro 100,000 ili msimbo wake ununuliwe na kuachwa huru. Mwezi Machi 2025 filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis, iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni, nayo inatoka Latvia, nchi yenye watu wasiofika milioni mbili. Chombo kilichoitengeneza kinapatikana bure, na kompyuta zinazonunuliwa kwa ajili ya michezo mizito, ambazo wenyewe huzisifia kadi zake za michoro, zinakiendesha vizuri. Kinachobaki ni saa za kujifunza, na saa hizo ndizo zinazotumiwa sasa kutazama kazi za wengine.

Jambo moja lisifumbiwe macho. Sehemu kubwa ya filamu zinazopita kwa flashi zimenakiliwa bila idhini ya waliozitengeneza, na msanii wa Dar es Salaam huumia kwa wizi huo kuliko kampuni kubwa za ng'ambo. Mpenzi wa kweli wa sanaa hawezi kula jasho la msanii na kudai anaipenda.

Kwa anayetaka kuanza, hatua ya kwanza ni ndogo: afungue filamu yoyote katika VLC kwenye kompyuta, abonyeze Ctrl na J, na asome jina la kodeki, ukubwa wa fremu na idadi yake kwa sekunde. Hatua inayofuata ni kuandika tafsiri ya Kiswahili inayotokea chini ya picha. Faili la tafsiri la aina ya SRT ni maandishi matupu: namba ya kipande, muda wa kuanza na wa kuisha, maneno yenyewe, kisha mstari mtupu, na linaandikika kwa programu ya kawaida ya maandishi. Ugumu wake ni wa lugha, kwani mtazamaji huhitaji mistari isiyozidi miwili, kila mmoja wa herufi kama 40, na mfasiri hujifunza kukata bila kuua maana. Afrika Mashariki si ngeni katika kazi hii. Vibanda vya video vimekuwa na wasimuliaji wa Kiswahili kwa miaka mingi, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, kutokana na msimbo huria. Pa kuanzia pako wazi: Sintel, katuni ya mwaka 2010 ya takriban dakika 15 kutoka kwa taasisi ya Blender, ina mazungumzo machache, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuinakili, kuitafsiri na kuionyesha shuleni au kibandani bila kuomba ruhusa, mradi majina ya walioitengeneza yatajwe.