Kiboko Tuliona, Ruzuku Iko Wapi?

Makomredi, someni sheria. Kanuni za 2012 zilitaka jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipashe asilimia 60 ya maji hayo kwa sola. Ukikaidi, faini hadi shilingi milioni 1 au jela mwaka mmoja. Ruzuku ndani yake? Hakuna hata ndururu.

Sasa landilodi wa Roysambu atoe pesa zake kwa nini, na shawa ya umeme inakula tokeni za mpangaji? Halafu 2020 Bunge likafuta msamaha wa VAT kwa vifaa vya umeme wa jua, 2021 likaurudisha. Ni mchezo?

Apunguziwe ushuru akifunga mtambo, mradi kodi ya mpangaji isipande. Mbunge wako aulizwe hilo wiki hii.