Mfunge Mbwa Kamba, Manze

Wasee, tuongee ukweli. Kila wikendi naona mbwa wameachiliwa Ngong Hills, ati "mwache awe huru." Uhuru gani? Kule kuna nyati na chui. Mbwa wako akimbwekea nyati, halafu nyati akasirike, unadhani atakimbilia kwa nani? Kwako. Na nyati yuko nyuma yake.

Halafu kuna wachungaji. Mbwa aliyelelewa kwa ghorofa Kilimani hajawahi ona kundi la mbuzi. Akimkimbiza mmoja useme "anacheza tu," mwenye mbuzi hatacheka. Ile ni karo ya mtu.

Na maji je? Nyinyi mmebeba lita mbili kila mtu, mbwa anapimiwa kwa kifuniko cha chupa. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Ukiona anahema bila kupumzika, mate yamekuwa mazito na anayumba, huo si uchovu, anapikika ndani. Mpeleke kivulini, mlowanishe tumbo na makwapa, mteremke mkamwone daktari wa wanyama. Picha baadaye. Wale wa pua fupi, kina buldogi, si mwaachie tu nyumbani?

Chanjo ya kichaa cha mbwa pia, kadi iko wapi? Mkirudi, tafuta kupe masikioni na katikati ya vidole.

Karura wanaruhusu mbwa mwenye kamba. Anzeni huko. Na msinijibu "wangu huwa anasikia nikimwita." Nyati je, anasikia?