Prosesa kuukuu: Jua kwanza ni mpaka upi unaokuzuia

Kompyuta nyingi za mezani zilizomo majumbani mwetu zilikwishatumika kwingine kabla ya kutufikia. Hata hivyo ndizo zinazotunza picha za harusi, kazi za shule za watoto na hesabu za biashara ndogo ya mama. Si ajabu, basi, kijana wa nyumbani akichoshwa na uzito wa mashine hiyo akatamani kuikimbiza prosesa yake kupita kiwango cha kiwanda, kazi ambayo mafundi huiita ovakloki.

Jambo hilo linawezekana. Tatizo huanza pale kasi inapogoma kupanda, au inapopanda kisha mashine ikaanza kuzimika ovyo. Hapo wengi hukimbilia kuongeza volti wakidhani kwamba prosesa ina njaa ya umeme. Kumbe mipaka ni mitatu, na dawa ya mmoja yaweza kuwa sumu kwa mwingine. Wiki hii tutaeleza namna ya kuutambua mpaka uliokuzuia kabla hujagusa chochote zaidi.

Hesabu ya kasi

Tuchukue mfano wa prosesa iliyopendwa sana na mafundi wa kazi hii, Core 2 Quad Q6600 ya kampuni ya Intel. Ilitoka Januari 2007 ikiwa na viini vinne na kasi ya gigahezi 2.4. Kasi hiyo hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: mapigo ya msingi ya ubaomama, ambayo ni megahezi 266, na kizidishi cha prosesa, ambacho ni 9. Kiwanda kilikifunga kizidishi kisipande kupita 9, ingawa kinaweza kushushwa hadi 6. Kwa hiyo njia ya kuongeza kasi ni kuyapandisha mapigo ya msingi katika Bayosi, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla kompyuta haijawaka kikamilifu. Mapigo yakifika 333, prosesa hukimbia gigahezi 3.0, yakifika 400, hukimbia 3.6.

Angalia kwanza kama Bayosi yako inaruhusu. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi hazina kabisa sehemu ya kubadili mapigo, na kama haipo, usipoteze siku kuitafuta. Kama ipo, isafishe mashine vumbi, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka, kisha ijaribu katika kasi yake ya kawaida. Mashine inayoyumba katika kasi ya kiwanda ina ugonjwa mwingine, na haifai kukimbizwa.

Mpaka wa kwanza: ubaomama na ramu

Mapigo ya msingi hayaiendeshi prosesa peke yake. Ramu nayo huyafuata, na ubaomama wenyewe hubeba mzigo. Ndiyo maana mara nyingi kinachokwama ni kitu kingine, na prosesa husingiziwa.

Kipimo chake ni rahisi. Shusha kizidishi hadi 6, kisha pandisha mapigo hadi 400. Sita mara 400 ni 2,400, yaani prosesa inakimbia kasi ileile aliyoizoea tangu kiwandani. Ikiwa mashine itakataa kuwaka au itayumba katika hali hiyo, prosesa haina hatia; mtafute mkosaji katika ubaomama au ramu. Hakikisha pia uwiano wa ramu umewekwa ili ramu isivuke kiwango chake. Kwa mapigo ya 400, ramu ya DDR2-800 iko sawasawa, lakini ile ya DDR2-667 inalazimishwa. Programu ya Memtest86+, ikiachwa ifanye kazi kwa saa kadhaa, itakuonesha makosa ya ramu bila hata kufungua Windows. Aidha, kama Bayosi ina sehemu ya mapigo ya PCI Express, yafunge yabaki 100. Yakiachwa yapande pamoja na mengine, kadi na diski zaweza kuanza kukosea.

Mashine ikigoma kabisa kuwaka, usifadhaike. Chomoa waya wa umeme, toa betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubaomama kwa dakika chache, kisha irudishe. Kwa kawaida mipangilio ya kiwanda hurejea.

Mpaka wa pili: umeme

Ikiwa kipimo cha kwanza kimefaulu, rudisha kizidishi 9 na upande kwa hatua za megahezi 10. Kila hatua ipime kwa Prime95, programu inayokokotoa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, na inayosimamisha kazi mara kiini kimoja kinapotoa jibu la uongo. Ukiona kosa, au skrini ya bluu, ilhali joto bado liko chini, hiyo ni dalili kwamba volti hazitoshi kwa kasi hiyo.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Volti ulizoandika katika Bayosi sizo zinazoifikia prosesa inapofanya kazi nzito. Hushuka kidogo kadiri mzigo unavyoongezeka. Kwa hiyo soma volti wakati Prime95 inaendelea, si wakati mashine imetulia. Vivyo hivyo, ukiiona kasi imeshuka mashine ikiwa imepumzika, usidhani ovakloki imekufa. Prosesa hii hushusha kizidishi hadi 6 yenyewe ili kubana umeme, na katika kasi ya kiwanda husomeka gigahezi 1.6.

Intel iliweka volti 1.5 kuwa kilele cha prosesa hii. Kilele hicho ni ukingo wa shimo, na hapafai kuweka makazi. Volti kubwa huzichakaza njia nyembamba zilizo ndani ya prosesa, na uchakavu huo haurudi nyuma. Prosesa iliyomudu 3.6 ilipokuwa mpya yaweza kushindwa leo, baada ya miaka mingi ya kazi. Pawa saplai nayo huzeeka: mashine ikijiwasha upya papo hapo kila mzigo unapoanza, ishuku hiyo kabla ya prosesa.

Mpaka wa tatu: joto

Joto la prosesa hupanda pamoja na kasi, na hupanda zaidi pamoja na volti, kwa sababu athari ya volti huzidishwa kwa yenyewe. Tupige hesabu. Kutoka 2.4 hadi 3.0 ni ongezeko la asilimia 25. Ikiwa kasi hiyo imehitaji volti zitoke 1.25 hadi 1.40, joto linaloongezeka ni kama asilimia 57. Ukienda hadi 3.6 kwa volti 1.45, umepata nusu ya ziada ya kasi, lakini joto limekuwa maradufu. Ukiipata 3.0 bila kuongeza volti, gharama yake ni ile asilimia 25 tu.

Toleo la Q6600 lililotoka Julai 2007, linalotambulika kwa alama ya G0, lina ukomo wa nyuzijoto 71 za Selsiasi juu ya kifuniko chake. Toleo lililotangulia lina ukomo wa 62 hivi. Vipimo vilivyo ndani ya viini husoma juu zaidi ya hapo. Dalili ya mpaka huu ni mashine kuanza vizuri, kisha baada ya dakika kadhaa ikapunguza mwendo au kuzima. Kabla ya kununua kipoza joto kipya, kagua kile cha Intel kilichopo. Hushikwa na vibano vinne vya plastiki, na kimoja kisipoingia sawasawa, upande mmoja hauigusi prosesa ipasavyo.

Sisi wa pwani tuna jambo letu la kuzingatia. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, na chumba kikiongezeka nyuzi tano, prosesa nayo huongezeka karibu hivyo. Kasi iliyofaulu mtihani usiku wa Julai yaweza kuanguka adhuhuri ya Februari. Pima katika saa ya joto kali kuliko zote, ukiwa umefunga kifuniko cha kasha.

Kosa lisiloonekana

Hatari kubwa kuliko zote si mashine inayozima, kwa kuwa hiyo imekwisha kukuonya. Ni ile inayowaka vizuri, ikafungua Windows, ikacheza video, huku mara moja kwa siku ikikosea hesabu moja. Kosa hilo laweza kuangukia ndani ya picha inayohifadhiwa, au jedwali la ada za madrasa, na hakuna atakayejua hadi faili litakapokataa kufunguka miezi baadaye. Kwa sababu hiyo, kuwaka si ushahidi wa usalama. Mashine iliyobeba kumbukumbu za familia ipimwe kwa Prime95 usiku kucha na mchana wake bila kosa hata moja, na kabla ya kuanza nakala za mafaili ziwe zimewekwa nje ya kompyuta hiyo.

Baada ya kuupata mpaka wako, rudi nyuma hatua moja au mbili na ubaki hapo. Kwa Q6600, gigahezi 3.0 katika volti za kawaida au karibu nazo ni mahali pa heshima. Safari kutoka hapo hadi 3.6 ni ghali kwa joto, kelele na umri wa mashine. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Nawe mzazi, kabla ya kuruhusu kazi hii, muulize kijana wako swali moja: uzito huo hujitokeza wapi? Kama ni wakati wa kuwasha mashine na kufungua mafaili, kwa kawaida mkosaji ni diski ya zamani inayozunguka au ramu iliyo ndogo, na hakuna ovakloki itakayoiponya. Diski mpya ya SSD itamtosheleza, na prosesa iachwe izeeke kwa amani.