Sisi Si Watu wa Bure: Jibu kwa Wenye Wanacheka Modi



Kuna neno moja linazunguka mu mikutano yetu na hata nje ya kanisa: kwamba sisi wenye tulimaliza iniversite na tuko bila kazi, tunapoteza akili mu michezo ya ordinatere. "Ako na lisansi mukononi na anacheza mapanga kama mutoto." Nitajibu, juu mimi njo mumoja wao, na juu ile neno inaficha dharau: mu inchi yetu, kazi yenye haina mushahara watu hawaiite kazi.

Kwanza tuelewane. Siongelee kucheza tu. Naongelea modi, ni kusema mabadiliko yenye muchezaji mwenyewe anatengeneza ndani ya muchezo na kuwapa wengine. Miezi hii najaribu modi za Morrowind, muchezo wa uchawi na mapanga wenye kampuni Bethesda ya Marekani ilitoa mu mwaka wa 2002. Niliuchagua juu ya umaskini, siyo juu ya mapenzi. Uliomba mashini ya megahertz 500 na memori ya mega 256, kwa hiyo hata ordinatere ya zamani, yenye mutu mwingine alishaichosha, inaubeba. Skyrim ya 2011 inaomba nguvu zaidi, na modi zake nyingi ni nzito, wakati sisi mega tunanunua kwa kuhesabu.

Ndani ya diski ya Morrowind waliweka pia chombo chenye wajenzi wenyewe walitumia, Construction Set. Ukikifungua unaona kila jiwe, kila mulango, bei ya kila muuzaji, kila neno lenye mutu anasema. Unabadilisha, unaandika faili yako pembeni, na muchezo wa mwanzo unabaki bila kuguswa. Modi mbili zikigusa nyumba moja, yenye inapakiwa nyuma njo inashinda. Njo maana hauwezi kuweka modi makumi mbili siku moja: muchezo ukianguka hautajua ni gani imeuangusha. Unaweka moja, unatembea, unaandika mu kaye chenye umeona, unaweka ingine. Kama hiyo haiko metode, basi watuambie ni nini tulifundishwa pale iniversite.

Wazee wanasema: ni visa vya Wazungu tu. Sawa, musikilize kile kisa. Inchi ya Morrowind iko chini ya mufalme wa kigeni, na askari wake wako mu ngome. Kuna muji unaitwa Caldera. Pale kampuni moja inachimba jiwe jeusi la bei kali, eboni, kwa kibali cha mufalme. Sheria inasema: bila kile kibali, hakuna mutu wa kuchimba wala kuuza eboni mbichi. Wenye wanachimba ni watumwa, wamefungwa bangili mukononi. Mwenyeji akichukua kipande, yeye njo mwizi. Kampuni yenye watumwa iko na karatasi, basi iko sawa.

Nani mu Kivu ya Kaskazini anahitaji mwalimu wa kumueleza hiyo? Rubaya iko pale Masisi. Koltani yake inatolewa kwa mikono, inakuwa tantalamu, tantalamu inaingia mu telefone na mu mashini za michezo dunia nzima. M23 ilishika muji wetu mwisho wa Oktoba 2022, na Rubaya ikashikwa mu Aprili 2024. Jiwe linatoka, linarudi kwetu kama mashini imeisha kuchoka, kisha tunaambiwa tusiiguse juu ni mambo ya watoto!

Wenye waliandika Morrowind walikuruhusu kufungulia mutumwa mumoja mumoja, ukipata ufunguo wa bangili. Ni vizuri, lakini ni fikiri ya mutu mwenye hajaishi karibu na mugodi. Modi inakuruhusu kuuliza mbele zaidi: wachimbaji wakishika wenyewe kile kibali, itakuwa namna gani? Nani atapima, na mizani itakuwa ya nani? Niliandika modi ndogo ya vile, watu watatu tu. Muchimbaji anaongea Kiswahili chetu. Hapo nilijifunza kitu: Kiswahili hakina herufi za alama juu, kwa hiyo maandishi ya muchezo yanaonyesha kila neno bila shida. Shida ni sarufi. Muchezo unatafuta neno kama lilivyo ili ulifanye la kubonyeza. Ukiandika "mugodi" linaonekana. Ukiandika "migodi" halioneke, juu lugha yetu inabadilika mbele, siyo nyuma kama Kiingereza. Ni kazi ya fundi wa lugha ile. Kuna watu wako na diploma ya lugha hapa Kiwanja na wanakaa.

Kuna swali moja sitalicheka. Mama mumoja aliniuliza namna gani mutoto wa Kiwanja anaweza kupendezwa na mapanga, hata kama ni ya uongo. Mu Novemba 2008 muji huu ulizika watu wake; Human Rights Watch iliandika kwamba waliuawa watu 150 hivi mu siku mbili. Ako na haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba muchezo wenye haufunguke unakulazimisha kuua vile muandikaji alitaka. Wenye unafunguka, unaweza kutoa panga na kuweka maneno. Sisemi kila kijana anafanya vile. Wengi wanaongeza panga kubwa zaidi, na hiyo inanichukiza.

Sasa tuongee feza, juu hapa njo dharau inageuka wizi. Mu Aprili 2015, Valve na Bethesda walianza kuuzisha modi za Skyrim. Kwa kila bei, mwenye alitengeneza alipata 25 kwa mia. 75 zilibaki kwa zile kampuni mbili. Wachezaji wakapiga kelele, na kisha siku ine soko likafungwa. Lakini wengi walipigia kelele kitu kibaya: walitaka modi zibaki bure. Kulipa fundi haiko kosa. Kosa ni ile 25. Na mukataba wa Construction Set, wenye unakubali kwa kubonyeza tu, unaipa kampuni haki ya kutumia chenye umetengeneza bila kukulipa. Salongo nayo ni kazi ya bure, lakini angalau ule mufereji unapita mbele ya nyumba yako.

Hata vile watu wanajenga. Timu ya Tamriel Rebuilt iko zaidi ya miaka 20 inaongeza inchi yenye Morrowind iliacha inje, bila mushahara, na kazi ya kila mutu inachunguzwa na wengine mbele ya kuingia. Nick Pearce wa Australia alitengeneza modi ya Skyrim, The Forgotten City. Mu 2016 ikapata tuzo ya waandishi kwao, mu 2021 ikawa muchezo wake mwenyewe. Na pale Yaoundé, Kiro'o Games ilitoa mu 2016 Aurion, muchezo wa namna hii hii, wenye visa vya Kiafrika.

Kwa wenye wanatuletea seminari za "ujasiriamali wa vijana", siku tatu, soda, na cheti: tumechoka. Cheti kumi hazijengi mulango mumoja. Mutupe chumba kimoja, ordinatere tano za zamani, na mutulipie umeme. Matebe iko hapa hapa mu Rutshuru tangu 2015, megawati 13 hivi, na nyumba nyingi bado zinaangalia waya tu.

Modi yangu ya Caldera haifike mega moja. Mwenye anaitaka alete kle yake. Kuna mulinzi wa mugodi mwenye sijamaliza: muchimbaji anamuuliza ni nani alipanga bei ya jiwe, na bado sijamuandikia jibu. Mwenye ako nalo, aandike.